Umbo la Swali na Hatima ya Jibu: Hojaji ya Kiswahili katika Karatasi, Simu na Mahojiano ya Ana kwa Ana

Utangulizi

Tasnifu nyingi za isimujamii zinazoandikwa katika vyuo vikuu vyetu hutegemea hojaji. Sura ya tatu huwa na maelezo kuhusu sampuli, eneo la utafiti na mbinu za kukusanya data. Hojaji yenyewe husukumwa hadi viambatisho, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Sura ya nne hutoa asilimia. Kati ya kiambatisho hicho na asilimia hizo pana jambo ambalo aghalabu halisemwi, nalo ni kwamba kila asilimia imezaliwa na swali, na swali hilo lilikuwa na umbo fulani na likaulizwa kwa njia fulani. Makala haya yanalichunguza umbo hilo na njia hiyo kwa pamoja. Hoja inayotetewa ni kwamba athari ya umbo la swali haikai mahali pamoja. Swali lisilo na kasoro kwenye karatasi laweza kupotosha majibu likisomwa kwa simu, na linalofaa kwa simu laweza kuharibika likichapishwa. Aidha, sarufi ya Kiswahili ina vipengele vyake, hasa ukanushi, kiimbo na vielezi vya kiwango kama vile sana na kabisa, ambavyo vitabu vya mbinu za utafiti vilivyoandikwa kwa Kiingereza havina sababu ya kuvitolea tahadhari.

Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Tafiti kuhusu njaa, ajira, afya ya uzazi na upigaji kura huendeshwa kwa Kiswahili katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hojaji zake huandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha hutafutwa mtu wa kuzitafsiri, na mtu huyo mara nyingi ni mhitimu wa Kiswahili anayepewa muda mfupi na kulipwa kwa idadi ya kurasa. Anachokosea yeye hakionekani katika ripoti. Huonekana kama maoni ya wananchi.

Yaliyokwisha kuthibitishwa

Kwamba maneno ya swali huathiri jibu si habari mpya. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa makundi mawili ya wahojiwa yaliyolingana. Kundi moja liliulizwa kama nchi hiyo iruhusu hotuba za hadharani zinazopinga demokrasia, na asilimia 62 walisema isiruhusu. Kundi la pili liliulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo, na ni asilimia 46 tu waliosema ipige marufuku. Kimantiki, kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo moja. Kisaikolojia sivyo, kwani kupiga marufuku ni tendo lenye ukali ambao wengi husita kuubeba. Mtafsiri wa Kiswahili ana ngazi zaidi ya mbili hapa: kuruhusu, kutoruhusu, kukataza, kupiga marufuku. Akichagua kukataza badala ya kupiga marufuku amekwisha kuusogeza ukali huo, pengine bila kujua kwamba umo.

Howard Schuman na Stanley Presser, katika kitabu chao cha mwaka 1981, walilinganisha maswali wazi na maswali funge. Wahojiwa waliulizwa ni jambo gani lililo muhimu zaidi kwa watoto kujifunza ili wajiandae kwa maisha. Pale ambapo orodha ya majibu ilitolewa, asilimia 61.5 walichagua kujifikiria wao wenyewe. Pale ambapo hapakuwa na orodha, waliolitaja jambo hilo walikuwa asilimia 4.6. Tofauti hii haimaanishi kwamba swali wazi ndilo lenye ukweli na swali funge ndilo la uongo. Orodha humkumbusha mhojiwa jambo ambalo asingelifikiria kulitaja, na pia humfungia nje ya yale ambayo hayamo orodhani. Maana yake ni kwamba asilimia hizo mbili haziwezi kuwekwa katika jedwali moja na kuitwa mabadiliko ya maoni. Hata hivyo, ndivyo inavyofanywa kila mara mtafiti mmoja anapolinganisha matokeo yake na ya mwenziwe wa miaka kumi iliyotangulia bila kufungua kiambatisho.

Jaribio la tatu lilifanywa Ujerumani na Norbert Schwarz na wenzake, likachapishwa mwaka 1985. Wahojiwa waliulizwa hutazama televisheni kwa saa ngapi kwa siku. Ngazi za majibu za kundi la kwanza zilianzia nusu saa na kuishia zaidi ya saa mbili na nusu. Za kundi la pili zilianzia hadi saa mbili na nusu na kuishia zaidi ya saa nne na nusu. Katika kundi la kwanza, waliosema hutazama kwa zaidi ya saa mbili na nusu walikuwa asilimia 16.2, na katika kundi la pili asilimia 37.5. Mhojiwa hakumbuki saa zake kwa usahihi, kwa hivyo huitazama ngazi aliyopewa na kudhani kwamba katikati yake ndipo alipo mtu wa kawaida. Mwanafunzi anayeuliza, "Wewe huzungumza Sheng mara ngapi kwa siku?" na kutoa ngazi zinazoishia "zaidi ya mara tano" amekwisha kumwambia mhojiwa kwamba mara tano ni nyingi.

Sana na kabisa

Kipimo kinachotumiwa zaidi katika tafiti za mielekeo ya lugha ni kile cha Rensis Likert, ambapo kauli hutolewa na mhojiwa huonyesha kiwango cha kukubali au kutokubali. Hojaji nyingi za Kiswahili huzipanga ngazi zake hivi: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali sana. Mpangilio huu unavutia macho kwa ulinganifu wake, na ndio wenye kasoro kubwa kuliko zote zinazojadiliwa hapa.

Kasoro iko katika mawanda ya ukanushi. Katika sentensi yakinishi, sana na kabisa hukaribiana: nampenda sana, nampenda kabisa. Katika sentensi kanushi huachana njia. Anayesema simpendi kabisa hana hata chembe ya mapenzi, ilhali anayesema simpendi sana anapenda, ila si kwa kiasi kikubwa. Ndivyo ilivyo kwa sili sana, sijui sana na sisafiri sana. Ukanushi humeza kielezi sana, ukakipunguza, lakini kabisa husimama nje na kuutilia nguvu. Kwa hiyo sikubali sana, kwa sikio la mzungumzaji wa Kiswahili, ni hali hafifu kuliko sikubali. Ni neno la mtu mwenye shaka ndogo anayetaka kuwa mpole. Hojaji imeliweka mahali pa upinzani mkali.

Hapo ndipo njia ya kukusanya data inapoingia. Kwenye karatasi, mhojiwa huona visanduku vitano vilivyopangwa kwa mstari. Cha kwanza ni cha kukubali kwa nguvu zote, na cha mwisho kimekaa upande wa pili kama kivuli chake. Hata kama maneno yamekosewa, nafasi humsaidia kukisia alichokusudia mtunzi. Kwenye simu hakuna mstari wala nafasi. Mhojaji husoma ngazi tano, sikio hupokea maneno matupu, na maneno humaanisha yanavyomaanisha. Mwenye shaka ndogo husema "sikubali sana" na kuwekwa miongoni mwa wapinzani wakali. Mpinzani wa kweli husema "sikubali" na kuwekwa miongoni mwa wapole. Tafiti mbili zilizotumia hojaji hiyo hiyo, moja kwa karatasi na nyingine kwa simu, zaweza kutoa wastani tofauti, na watafiti wakaandika kurasa kumi kueleza jinsi mielekeo ya wakazi wa mji mmoja inavyotofautiana na ya wakazi wa mji mwingine.

Dawa yake ni rahisi kwenye karatasi: kabisa itumike pande zote mbili, nakubali kabisa na sikubali kabisa. Wapo wanaopendekeza kitenzi kupinga ili kuepuka ukanushi, na ni kweli kwamba napinga sana haina utata wa mawanda. Lakini kupinga ni zaidi ya kutokubali. Mtu anaweza kutokubali kimoyomoyo, bali anayepinga amesimama na kusema. Kwa simu, njia bora ni kulivunja swali mara mbili. Kwanza mhojiwa huulizwa, "Unakubali au hukubali?" Akisema hakubali, huulizwa tena, "Hukubali kabisa, au kwa kiasi fulani tu?" Mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili huenda hivyo hivyo, na mhojiwa halazimiki kubeba ngazi tano kichwani.

Ngazi ya katikati nayo ina tatizo lake. Sina uhakika hutumiwa na asiyejua, na asiyetaka kusema, na aliyepima pande zote akaona ziko sawa. Hao ni watu watatu, si mmoja. Katika mahojiano ya ana kwa ana, mhojaji mzuri huweza kuwatenga kwa swali moja la nyongeza. Karatasi haiulizi swali la nyongeza.

Ndiyo ya Kiswahili

Mfano ufuatao wa kipengee cha hojaji una sura inayojulikana kwa wengi: "Je, hujawahi kufundishwa na mwalimu anayechanganya lugha darasani? Ndiyo / La." Katika Kiswahili cha mapokeo, ndiyo huithibitisha kauli kama ilivyoulizwa, pamoja na ukanushi wake. Anayeulizwa "Hujala?" naye hajala, hujibu "Ndiyo, sijala", na aliyekula hujibu "La, nimekula". Kiingereza huenda kinyume, kwa kuwa neno lake la kukubali huyakinisha tendo, si kauli. Mwanafunzi wa Kenya aliyesomeshwa masomo mengi kwa Kiingereza huishi na kanuni zote mbili, na hapana njia ya kujua ametumia ipi alipotia alama kwenye kisanduku cha ndiyo. Data ya kipengee hicho haiwezi kuokolewa na programu yoyote ya takwimu.

Ana kwa ana, tatizo hili hujitatua lenyewe kwa sababu wazungumzaji wa Kiswahili hupenda kukirudia kitenzi: "Ndiyo, sijawahi." Kitenzi ndicho chenye jibu. Ikiwa fomu ya mhojaji ina nafasi ya ndiyo na la pekee, basi ameambiwa ukweli kisha akautupa. Afadhali fomu iandikwe "amewahi / hajawahi", na swali liwe yakinishi.

Kuna utata mwingine unaohusu ndiyo. Katika mazungumzo, na hasa kwa simu, ndiyo, naam na ehe huweza kuwa viitikio tu vya kumwonyesha msemaji kwamba anasikika. Mhojaji anayesoma kauli ndefu hupata "ehe" katikati yake. Akiwa na haraka, amekwisha kupata jibu. Na pale mhojiwa anapokuwa kijana na mhojaji mtu mzima aliyeanza kwa kuamkiwa shikamoo, ndiyo huja kwa wepesi zaidi, kwa maana si adabu kumpinga mkubwa kwa jambo lisilo na uzito. Watafiti wa Magharibi huuita mwelekeo huu tabia ya kukubali kila kauli na kuuhusisha na uvivu wa kufikiri. Kwa jamii zetu maelezo hayo ni finyu, kwa sababu wakati mwingine anayekubali amefikiri sana, ila amefikiri juu ya aliyemkalia mbele.

Kiimbo nacho kina sehemu yake. Sentensi "Vijana hawasomi riwaya" na swali "Vijana hawasomi riwaya?" hazitofautiani kwa mpangilio wa maneno. Kwenye karatasi zinatenganishwa na alama ya kuuliza, na pengine neno je. Katika usemi zinatenganishwa na sauti peke yake. Mhojaji akiidondosha je na kuishusha sauti mwishoni, ameuliza kwa namna ya kutangaza, na asiyetaka ubishi ataitikia. Hakuna kitakachoonekana katika fomu, kwani maneno yamesomwa yote yalivyoandikwa.

Mpangilio wa chaguo

Jon Krosnick na Duane Alwin walionyesha mwaka 1987 kwamba wahojiwa wanapopewa orodha ya kusoma kwa macho huelekea kuchagua yaliyotajwa mwanzoni. Orodha inaposomwa kwa sauti, tafiti nyingi zimeona mwelekeo wa kinyume, yaani yaliyotajwa mwisho hupendelewa kwa kuwa ndiyo bado yamo sikioni. Swali kama "Ni lugha gani unayoitumia zaidi nyumbani: lugha ya mama, Kiswahili, Kiingereza au Sheng?" kwa hiyo humpendelea wa mwanzo kwenye karatasi na wa mwisho kwenye simu. Kuibadilisha orodha kwa zamu, nusu ya hojaji zikianza hivi na nusu zikianza vile, hakugharimu chochote ila uangalifu wa kupiga chapa.

Kazi na ajira

Mfano wenye uzito mkubwa kuliko yote kwa Kiswahili umetoka Tanzania. Mwaka 2011 Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels walichapisha matokeo ya jaribio ambapo kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi ya kaya zilipewa sehemu ndefu ya maswali kuhusu kazi, yenye maswali ya kuchuja yanayotangulia, na nyingine zikapewa sehemu fupi isiyokuwa nayo. Vilevile, katika baadhi ya kaya kila mtu alijieleza mwenyewe, na katika nyingine mtu mmoja alimsemea mwenziwe. Nchi ilikuwa moja na kipindi kilikuwa kimoja. Hata hivyo, kiwango cha watu walio katika nguvukazi kilitofautiana kwa hadi asilimia 10 kati ya miundo hiyo minne. Sehemu fupi ilipunguza idadi ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanafanya kazi, na ikapunguza ajira ya mshahara kwa wanawake na wanaume. Kusemewa na mwingine kulipunguza ushiriki wa wanaume, na saa za kazi za wanawake.

Waandishi hao ni wanauchumi, na maelezo yao ni ya kiuchumi. Msomi wa Kiswahili ana la kuongeza. Neno kazi lina maana pana na maana finyu, nazo huishi katika kinywa kimoja. Katika maana pana, kupika ni kazi, kulima ni kazi, kuteka maji ni kazi ngumu. Katika maana finyu, mtu ana kazi ikiwa ameajiriwa, na asiyeajiriwa hana kazi, hata kama amekuwa shambani tangu alfajiri. Mwanamke akiulizwa "Kazi ni ngumu?" hujibu kwa maana pana, na akiulizwa "Una kazi?" hujibu kwa maana finyu: "Sina, niko nyumbani tu." Hajadanganya. Kitenzi kuwa na ndicho kilichochagua maana. Maswali ya kuchuja, yanayotaja shamba la kaya, biashara ya nyumbani na kibarua kila moja kwa jina lake, humtoa katika maana finyu kabla hajaulizwa lolote. Sehemu fupi humwacha humo, naye huondoka katika hesabu za taifa.

Tangu Oktoba 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi ulipoutenga rasmi upeo wa kazi na ule wa ajira, mtafsiri hana tena ruhusa ya kutumia neno kazi kwa dhana zote mbili. Kiswahili kinayo maneno hayo mawili tayari, lakini ajira nayo imefungwa kwa mshahara katika masikio ya wengi, na kuweka ajira mahali ambapo wanatakwimu wanakusudia pia biashara ndogo ya mtu binafsi ni kuutupa umma wa wachuuzi nje ya mlango. Maelezo marefu yenye mifano hayana mbadala hapa.

Tatizo ni kwamba urefu una bei, na bei hiyo hutofautiana kwa njia. Mhojaji aliyeketi ukumbini kwa mtu anaweza kuuliza maswali kumi na matano kuhusu kazi. Kwa simu, mhojiwa huanza kuaga baada ya muda mfupi. Mwaka 2020 Shirika la Takwimu la Kenya lilifanya utafiti kwa simu kuhusu athari za UVIKO-19 kwa kaya, kwa kuwa kutembea mlango kwa mlango hakukuwezekana, na tangu hapo utafiti wa simu umezoeleka. Kwa arafa, nafasi ni herufi 160 kwa ujumbe mmoja. "Kiswahili kitumike kufundishia sayansi. Jibu: 1 Nakubali kabisa 2 Nakubali 3 Sina msimamo 4 Sikubali 5 Sikubali kabisa" ni herufi 118 pamoja na nafasi zake, na kauli yenyewe ni ya maneno manne tu. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa kuwa hubeba viambishi, na hojaji iliyopimwa kwa Kiingereza ikatoshea huweza kumwagika ikitafsiriwa. Anayefupisha ili itoshee hukata kwanza mifano, yaani hukata kile kile ambacho jaribio la Tanzania lilionyesha kuwa na thamani.

Saa na siku

Vipengele vya wakati vinahitaji neno fupi. "Wiki iliyopita" si "siku saba zilizopita". Ya kwanza kwa wengi ni wiki iliyofungwa Jumapili, na anayehojiwa Ijumaa huruka siku nne au tano. Juzi ni siku iliyotangulia jana, na pia ni wakati wowote wa karibuni. Kuhusu saa, mhojaji akiambiwa "saa kumi na mbili asubuhi" huandika 6:00 bila kufikiri. Mhojiwa anayejaza fomu kwenye tarakilishi au rununu huandika 12, na mashine humwamsha adhuhuri.

Anayeuliza

Roger Tourangeau na Tom Smith walilinganisha mwaka 1996 mahojiano ya mdomo na njia ambayo mhojiwa husikiliza maswali kwa vinasa sauti vya masikioni na kujibu mwenyewe kwenye tarakilishi. Taarifa za mambo ya siri, kama vile matumizi ya dawa za kulevya, ziliongezeka mhojaji alipoondolewa. Kenya ilipata jaribio lake lililochapishwa mwaka 2003 na Barbara Mensch, Paul Hewett na Annabel Erulkar kuhusu vijana na mahusiano ya kimapenzi. Njia tatu zililinganishwa: ana kwa ana, karatasi ya kujijazia na tarakilishi yenye sauti. Matokeo yalikuwa ya mchanganyiko, wala tarakilishi haikushinda kila mahali kama ilivyotazamiwa. Kwa kijana aliyeketi mbele ya mashine ngeni, faragha si lazima ihisike kuwa faragha.

Mwaka 2016 Claire Adida na wenzake walitumia data za Afrobarometer kuonyesha kwamba wahojiwa wa Kiafrika hujibu tofauti kulingana na iwapo mhojaji ni wa kabila lao au la, hasa maswali yanapogusa ukabila. Wanaochunguza mielekeo ya lugha wana sababu ya kulitafakari hilo. Mwanafunzi wa Idara ya Kiswahili anayemwendea mwenziwe wa Uhandisi kwa Kiswahili sanifu, akamwambia anatoka idara hiyo, kisha akamuuliza kama anakienzi Kiswahili, ameshatoa jibu kabla ya swali. Mhojiwa angekuwa mkosefu wa adabu kusema vinginevyo. Matokeo ya tafiti kama hizo, yasemayo kwamba wanafunzi wengi wanakithamini Kiswahili, yaweza kuwa kweli. Lakini hayajathibitishwa na data hizo, na waunda sera wanaoyategemea kupanga ufundishaji hujenga juu ya heshima ya wahojiwa kwa wageni wao. Karatasi isiyo na jina, iliyotolewa na mtu wa idara nyingine, yenye kipengee kuhusu lugha kilichochanganywa na vipengee vya mambo mengine ya chuo, ingetoa picha isiyopendeza sana, na yenye manufaa zaidi.

Kupima tafsiri

Njia ya kawaida ya kuikagua hojaji iliyotafsiriwa ni tafsiri rejeshi, iliyoenezwa na Richard Brislin tangu mwaka 1970: mtu wa pili huirejesha hojaji katika lugha ya awali, na matini mbili za lugha hiyo hulinganishwa. Njia hii hukamata makosa ya msamiati. Haikamati sikubali sana. Mtafsiri wa pili, akiiona ngazi ya tano upande wa mwisho wa kipimo, huirejesha kama upinzani mkali kwa sababu anajua kipimo cha Likert kinavyokaa, na matini mbili za Kiingereza zinalingana barabara. Kosa hubaki ndani ya Kiswahili, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Kinachofaa ni kuipeleka hojaji kwa watu kumi au kumi na watano wa aina ya wale watakaohojiwa, na kwa njia ile ile itakayotumiwa. Hojaji ya simu ijaribiwe kwa simu, ya karatasi kwa karatasi. Baada ya kila jibu, mtu aombwe aseme kwa maneno yake ameulizwa nini. Aliyesema sina kazi aulizwe jana alishinda wapi. Aliyetia alama kwenye ndiyo aombwe aseme sentensi nzima. Aliyechagua ngazi ya nne na aliyechagua ya tano waulizwe ni nani kati yao aliyekataa zaidi. Maelezo yao yaandikwe katika kiambatisho kando ya hojaji, pamoja na lugha ambayo maswali yalisomwa kwa kweli, kwa maana mhojaji aliyepewa Kiswahili sanifu mara nyingi huishia kuuliza kwa Kikamba, Kidholuo au Sheng, akitafsiri papo hapo mlangoni mwa mtu, na tafsiri hiyo ya tatu ndiyo iliyojibiwa.